Kuchagua Njia Wakati wa Masika

Kiangazi humfanya kila mpanda baiskeli aonekane hodari. Ardhi ikiwa kavu njia zote hujifanya sawa: ya mfinyanzi hupitika kama ya mchanga, ya mbuga hupitika kama ya mawe, na mtu hupita juu yake bila ya kuuliza habari zake. Mvua ndiyo inayozitenga. Ikinyesha siku mbili tu, kila udongo huonyesha asili yake, kama watu wanavyoonyesha asili zao siku ya shida. Hapo ndipo mpandaji hupaswa kuchagua, na katika kuchagua kwake hujulikana kama ni mtu wa akili au ni mtu wa miguu tu. Katika insha hii nataka kueleza namna nilivyojifunza uchaguzi huo. Sikujifunza kwa kusoma wala kwa kuonywa, ingawa nilionywa. Nilijifunza kwa kumtia mtu mwingine hasara, na aibu ya hasara hiyo ndiyo inayonipa haki ndogo ya kusema.

Mimi ni mzaliwa wa pwani ya Tanga. Katika utoto wangu baiskeli ilikuwa chombo cha kazi. Ilibeba madafu, makuti, samaki, na wakati mwingine ilibeba mgonjwa. Kwetu ardhi ni mchanga, na mchanga una desturi yake. Ukiwa mkavu humeza tairi, mpandaji akalazimika kushuka na kusukuma. Ukilowa hushikamana, ukawa imara kama sakafu. Kwa sababu hiyo sisi watoto tuliipenda mvua. Ilipokwisha kunyesha tulitoka na baiskeli za baba zetu, miguu ikiwa haifiki vizuri kwenye pedali, tukashindana pale ambapo jana yake hata mtu mzima asingeweza kupita. Niliondoka kwetu nikiwa na imani kwamba mvua ni rafiki wa magurudumu. Imani hiyo ilikuwa kweli mahali ilipozaliwa. Kosa langu lilikuwa kuichukua mpaka mahali pengine bila ya kuipima.

Mwaka 2015 nilihamishiwa Moshi kufundisha. Baada ya miaka miwili nilinunua, kwa fedha za mkopo, baiskeli ya mlimani: tairi nene zenye meno, foku yenye springi, gia nyingi kuliko nilizozihitaji. Baiskeli za namna hii si za zamani sana. Katika miaka ya 1970 vijana wa wilaya ya Marin, California, huko Marekani, walichukua baiskeli kuukuu zenye tairi pana wakawa wanashindana kuteremka milima ya kwao. Shindano lao la kwanza lililojulikana kwa jina la Repack lilifanyika karibu na mji wa Fairfax tarehe 21 Oktoba 1976. Jina hilo lilitokana na breki za nyuma, ambazo zilipata moto katika mteremko hata grisi yake ikaungua, na baada ya kila safari gurudumu likafunguliwa likatiwa grisi mpya. Miaka 20 baadaye mchezo wa wahuni hao wema ukaingia katika Michezo ya Olimpiki ya Atlanta, mwaka 1996. Nimetaja habari hizi kwa sababu moja. Chombo kilichobuniwa kwa milima mikavu ya California kilimfikia mtu wa mchanga wa Tanga, naye akakipandisha katika udongo wa Kilimanjaro. Watatu hao hawakuwa wamejuana.

Mlima Kilimanjaro hauna mvua moja wala udongo mmoja. Pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi huupiga mlima kwa upande wa kusini, zikapanda, zikapoa, zikamwaga maji yake huko. Mji wa Moshi hupata yapata milimita 900 za mvua kwa mwaka, lakini ukipanda mpaka katika ukanda wa msitu, juu ya vihamba, mvua huzidi milimita 2,000. Sehemu kubwa ya mvua hiyo huja wakati wa masika, kuanzia Machi mpaka Mei. Upande wa magharibi na wa kaskazini haupati kiasi hicho, maana mlima wenyewe umesimama kati yake na bahari kama mtu mrefu aliyesimama mbele yako katika mkutano. Mtu aweza kusimama Kibosho amelowa mwili mzima, akatazama upande wa Siha akaona jua limewaka juu ya nyasi.

Kuhusu udongo, mpanda baiskeli wa Moshi hukutana na aina tatu. Wa kwanza ni mwekundu wa vihambani: Kibosho, Uru na Moshi ya zamani. Huo ni mawe ya volkano yaliyooza kwa muda mrefu usiohesabika mpaka yakawa mfinyanzi wenye rutuba. Ndio unaowalisha migomba na mibuni, na kwa ajili yake watu wamekaa katika mlima ule kwa wingi mkubwa. Ukilowa, uso wake huwa kama sabuni ilhali chini yake bado ni mgumu. Gurudumu huteleza kwanza, kisha mpandaji akishika breki tairi husimama nalo likaburuzika, likakata mfuo mrefu kama wa jembe. Katika mteremko mfuo huo ni mwaliko kwa maji. Mvua inayofuata huuingia, huupanua na kuuchimba. Na mvua ya tatu hulikuta korongo changa.

Wa pili ni mweusi wa nchi ya chini, Mabogini na sehemu za Rau, kando ya majaruba ya mpunga. Huo wakati wa jua hupasuka nyufa ambazo mtu aweza kuingiza mkono. Wakati wa mvua huvimba na kunata. Gurudumu haliutelezi, bali hulivika. Kila mzunguko huongeza tabaka moja, kama mpishi anayesukuma donge la unga, hata tope likajaa baina ya tairi na foku na gurudumu likakataa kuzunguka. Hapo mwenye baiskeli huwa mchukuzi wa baiskeli. Tofauti ya udongo hizi mbili ni hii: mweusi humwadhibu mpandaji, na mwekundu huadhibiwa naye. Kwa hiyo mweusi hauhitaji mtetezi. Ni mwekundu unaomhitaji.

Wa tatu ni mchanga na changarawe za volkano za upande wa magharibi, kuelekea Sanya Juu na Ngarenairobi. Wakati wa kiangazi huko ni vumbi linaloingia mpaka kwenye meno. Lakini mvua ya kiasi hulilaza vumbi hilo, maji huzama upesi, na njia hukaza. Tabia yake yafanana na mchanga wa kwetu. Laiti ningalitafuta udongo wa nyumbani kwetu katika mlima ule, ningaliupata huko, na nisingalikuwa na insha ya kuandika.

Ilikuwa Jumapili moja ya Aprili mwaka 2018, mwaka ambao masika yake yalikuwa makubwa. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo, na asubuhi ile ikapumzika. Mwenzangu mmoja katika ualimu, kijana mzaliwa wa Kibosho, ambaye nilizoea kupanda naye, alinijia nyumbani bila ya baiskeli. Nilimwuliza kwa nini. Akasema, “Mwalimu, leo njia zinataka kupumzika. Kama miguu inakuwasha sana, tupakie baiskeli katika gari tuende Sanya. Huku juu tusiende.”

Nilicheka. Wiki ile nilikuwa nimefunga tairi mpya za tope, nyembamba kuliko zile za kwanza, zenye meno marefu yaliyoachana ili matope yapate kuanguka. Nilizinunua kwa bei ambayo sikumwambia mke wangu. Nilimjibu kwamba kwenda Sanya kunataka nauli na siku nzima, na kwamba tairi zangu zimetengenezwa kwa siku kama hii. Akazitazama, akasema ni nzuri, akaenda zake kanisani. Leo nikikumbuka naona kwamba sote wawili tulikuwa tunachagua njia, lakini yeye aliiuliza ardhi, nami niliziuliza tairi. Tairi haziwezi kumjibu mtu ila lile alilolilipia.

Nilipanda kwa barabara ya lami mpaka Kibosho, nikaingia vihambani. Njia za kuteremka zilinishinda mara moja. Nilianguka mara mbili, na mara ya pili usukani ulinipiga mbavuni. Nikawa natafuta njia iliyo tambarare, na katika mteremko wa Kilimanjaro njia tambarare ni moja tu: ile ya kando ya mfereji.

Msomaji asiyeufahamu mlima ule hana budi kuelezwa. Wachaga tangu kale walichimba mifereji kutoka mitoni, huko juu msituni, wakayaongoza maji kwa ustadi kuzunguka vilima mpaka kwenye vihamba. Wageni wa Ulaya walioufikia mlima katika karne ya 19 waliikuta mifereji hiyo ikifanya kazi, nao wakastaajabu. Mfereji hushuka kwa kiasi kidogo sana, maana ukishuka kwa nguvu utajichimba wenyewe. Kwa upande wa juu umeegemea kilima. Kwa upande wa chini umezuiwa na ukingo wa udongo tu, ulioshindiliwa kwa miguu na majembe ya vizazi vingi. Juu ya ukingo huo watu hupita. Wanafunzi huenda shule, wanawake huenda sokoni, na fundi wa mfereji hukagua maji. Ni njia ya nyayo.

Niliipanda njia ile kwa furaha kubwa. Maji yalikuwa yamejaa upande wa kushoto, mashamba yalikuwa chini yangu upande wa kulia, na tairi zilishika vyema. Nilikwenda hivyo yapata kilomita moja. Kwenye kona moja ukingo ulikuwa umelainika. Gurudumu la nyuma likateremka upande wa shamba, nikaweka mguu chini, nikavuta baiskeli, ikazama. Nikaivuta tena huku na huku mpaka ikatoka. Nilipogeuka niliona pengo juu ya ukingo, upana wake viganja viwili na kina chake kama kidole. Maji ya mfereji yalikuwa yanalilamba pengo lile, yakiingia kidogo na kurudi.

Naomba msomaji asimame nami hapo, kwa maana kila kitu kingine katika habari hii ni bahati na hapa tu ndipo palipokuwa na hiari. Nililiona pengo. Nilijua maji ni nini. Hakuna mtu wa pwani asiyejua. Kulikuwa na udongo, kulikuwa na majani ya migomba, na mikono ilikuwa yangu. Kazi ya nusu saa ingetosha. Lakini mvua ilikuwa inaanza tena, nilikuwa na njaa, na nikajiambia neno ambalo limebomoa mambo mengi duniani: “Ni dogo.” Nikaenda zangu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo nilikuwa nimeifundisha darasani mara nyingi, na wanafunzi wangu walipata alama kwa kuieleza.

Usiku ule mvua ilinyesha kwa nguvu. Asubuhi mwenzangu alifika shuleni amechelewa, suruali yake imetapakaa matope mpaka magotini. Alisema mfereji umepasuka Kibosho, na maji yameingia katika shamba la mama mmoja mjane, jirani yao. Maharage yake yamekwenda, na mibuni kadhaa imebaki mizizi nje. Watu wanasema labda ni fuko aliyechimba ukingo, au ng'ombe aliyepita. Kisha akaniangalia, akasema kwa sauti ya chini, “Alama ya tairi ipo kabla ya kufika pale, Mwalimu. Mvua haikuifuta yote.” Hakusema zaidi. Akaenda darasani.

Nilikuwa na saa mbili za kufundisha na saa moja ya kukaa peke yangu. Katika saa ile nilijitetea kwa kila hoja. Nilisema mvua ndiyo iliyopasua. Nilisema ukingo ulikuwa mbovu tangu zamani, na kwamba hakuna aliyeniona. Hoja zote zilikuwa na sura ya ukweli, na hakuna hata moja iliyoweza kuniondolea ile picha ya maji yakilamba pengo. Alasiri nilimfuata mwenzangu nikamwomba anipeleke. Njiani alikata jani la isale kwenye mpaka wa kihamba kimoja akanipa mkononi. Kwa Wachaga isale ni alama ya amani na ya kuomba radhi, na si desturi kumfukuza mtu aliyekuja nayo. Nililishika jani lile kama mtoto anavyoshika barua ambayo hawezi kuisoma.

Tulimkuta yule mama amesimama katika shamba lake pamoja na mzee wa mfereji na watu wengine wachache. Nilisalimu, nikatoa jani, nikasema lililonipeleka. Kimya kilikuwa kirefu. Nilitazamia ukali, na ukali ungalinisaidia. Mama yule alilipokea jani, akaniuliza neno moja kwa upole, “Mwalimu, huko ulikokuwa unakwenda, ulifika?”

Sikuwa na jibu, maana sikuwa nakwenda mahali popote. Watu wote waliopita juu ya ukingo ule walikuwa wanakwenda: shule, soko, hospitali, maziko. Mimi peke yangu nilipita ili nipite. Methali yasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilikuja, na mwenyeji akaugua.

Mzee wa mfereji ndiye aliyeuvunja ukimya. Alisema, “Mvua hatuwezi kuishitaki, na wewe hukujificha. Kesho alfajiri njoo na jembe.” Nilipata ruhusa shuleni, nikaenda siku mbili. Watu wa mfereji walifunga maji huko juu, nasi tukajenga upya: mawe chini, magogo, kisha udongo tabaka juu ya tabaka, kila tabaka likikanyagwa kabla ya lingine kuwekwa, na juu kabisa nyasi zilizong'olewa na mizizi yake. Udongo wa mama ulioshuka bondeni tuliupandisha kwa karai tukafunika mizizi ya mibuni. Ulikuwa haba. Nililipa mbegu za maharage, nazo zilipandwa upya. Lakini udongo wa juu uliokwenda na mto hakuna fedha inayourudisha, na mahali pale mpaka leo migomba yake ni myembamba kuliko wenzake.

Katika siku hizo mbili nilipata elimu. Mzee aliutafuta udongo wa kujengea kwa namna hii: aliuchukua kidogo, akaulowesha, akausokota baina ya viganja. Uliotoka kama uzi mrefu bila ya kukatika aliukubali. Uliokatika na kumeguka aliutupa. Nilimwuliza maana yake. Akaniambia kwamba unaosokoteka huzuia maji, na unaomeguka huyapitisha. Nikasimama na jembe langu, nikaona kwamba nimepewa kanuni yangu, ila imegeuzwa. Udongo unaofaa kuzuia maji haufai kupitwa na gurudumu wakati wa mvua, kwa kuwa maji hukaa juu yake. Na ule unaoyaruhusu maji kupita ndio utakaoruhusu na baiskeli. Mzee alikuwa anatafuta alichopaswa kukikimbia mpanda baiskeli.

Tangu siku hiyo masika yakifika huchagua kwa taratibu, na taratibu hizo nitazieleza kwa kifupi kwa faida ya kila mwenye kupenda mchezo huu.

Kwanza, huuliza mvua imenyesha wapi, wala siulizi tu kama imenyesha. Mlima mmoja una pande nyingi, na nauli ya kwenda upande mkavu ni ndogo kuliko gharama ya kuharibu upande uliolowa. Pili, hushuka nikaupima udongo kwa mkono na kwa kisigino. Ukisokoteka kama uzi, narudi. Ukimeguka, naendelea. Na nikiisha kuanza safari hutazama nyuma: tairi likiinuka na udongo, au likiacha mfuo badala ya alama, basi ardhi imekwisha kusema hapana, na kuendelea ni kumkatiza mwenye nyumba maneno.

Tatu, hupendelea njia pana za kokoto na za mawe, na njia za magari ya magogo katika mashamba ya misonobari ya magharibi mwa mlima, kwa ruhusa ya wenye msitu. Huko majani makavu ya misonobari yametandazwa kama mkeka, na gurudumu haligusi udongo moja kwa moja. Hatari yake ni mizizi iliyolowa, ambayo huteleza kuliko barafu; mtu huivuka kwa kuikata kati kwa kati, bila ya kushika breki na bila ya kukunja usukani. Nne, nikikuta dimbwi katika njia yenye sakafu ngumu hupita katikati yake, nikalowa. Anayelizunguka ili asichafuke huipanua njia, na anayekuja nyuma yake huipanua zaidi, hata njia ya mtu mmoja ikawa uwanja wa matope. Tano, sipiti juu ya ukingo wa mfereji, wala tuta la shamba, wala mteremko mkali wa udongo mwekundu, hata kama sioni mtu. Sita, kama pande zote zimelowa, hubaki nyumbani. Siku hiyo husafisha mnyororo na kuutia mafuta, hutazama breki, kwa maana mchanga wa masika hula chuma na mpira kwa uroho mmoja. Mtu aliyeshindwa kupanda kwa siku moja hajapoteza siku. Ameiokoa njia kwa siku nyingi.

Baadaye nilisoma kwamba huko California, mwaka 1988, wapanda baiskeli wa milimani waliunda chama cha kimataifa, na miongoni mwa kanuni walizojiwekea ni kutoacha athari katika njia na kuepuka njia zilizolainika kwa maji. Nilifurahi kuona hivyo. Wao hawakumjua mzee wa mfereji wa Kibosho, wala yeye hakuwajua wao. Lakini walifundishwa na mwalimu mmoja, ambaye ni maji yateremkayo.

Yuko atakayesema kwamba natia chumvi. Ng'ombe hupita katika njia zile zile, na kwato zake ni kali. Pikipiki za bodaboda hupita na mizigo na abiria, wakati wa mvua na wakati wa jua, na hukata mifuo mirefu kuliko yangu. Na mvua yenyewe huchukua udongo mwingi kuliko magurudumu yote ya wilaya. Hayo ni kweli, nami nilijitetea nayo katika saa ile ya upweke shuleni. Lakini kwanza, mwenye ng'ombe na mwenye bodaboda huenda kwa haja, na haja hupunguza lawama; mimi nilikwenda kwa starehe. Pili, wao ni watu wa pale: njia ikiharibika huitengeneza wenyewe siku ya kazi ya pamoja. Mpanda baiskeli wa mchezo huja Jumapili, na Jumatatu hayupo. Sisemi kwamba starehe ni dhambi. Mtu aliyefundisha wiki nzima anastahili kuupumua upepo wa mlima. Nasema tu kwamba mwenye kustarehe alipe mwenyewe, kwa nauli, kwa kuahirisha au kwa kulowa, wala asimwachie mwingine hesabu.

Ningali mpanda baiskeli. Zile tairi za tope nilimpa mwenzangu, naye huzitumia Sanya, ambako kwa kweli hazihitajiki sana. Nadhani alizipokea ili kuniondolea macho. Wakati wa masika tunakwenda pamoja huko magharibi, tukapanda katika changarawe iliyokazwa na mvua, na mara nyingine harufu ya ardhi iliyolowa hunirudisha Tanga, kwa watoto wale wasiofika pedali. Na nikipita Kibosho kwa barabara ya lami hukutana mara kwa mara na yule mama akitoka sokoni. Nashuka, namwamkia, naye baada ya kuniitikia haachi kuniuliza, “Mwalimu, leo umepita wapi?”

Namjibu, “Nimepita barabarani, mama.” Ni swali jema. Kila mwenye kupanda wakati wa mvua na ajizoeze kujiuliza swali hilo mwenyewe kabla hajatoka nyumbani, ili asiulizwe na mwingine baada ya kurudi.